Mbwa Wetu Nao Wapewe Mtihani

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme habari za mbwa. Najua wenzangu watacheka, kwa maana walikwisha kucheka nilipolitaja jambo hili darasani. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho.

Mjomba wangu alikuwa na mbwa watatu wa kulinda shamba lake la mahindi, na mmoja wao aliitwa Watasema. Alikuwa mbwa mwekundu, mwembamba, wala hakuwa na ukoo wa kujivunia. Ni mbwa wa hapa hapa Lusewa, kama wale mnaowaona wakizunguka sokoni. Asubuhi moja, mahindi yakiwa yamepandwa karibuni na kanga wakifukua mbegu, nilitumwa nikawafukuze. Watasema alitangulia. Alipofika penye majani marefu kando ya shamba akasimama ghafula. Aliinua mguu mmoja wa mbele, mkia ukanyooka, pua ikaelekea majanini, naye hakutikisika hata kidogo. Mimi nilidhani ameogopa. Nikamwita mvivu, nikaokota jiwe nikamtupia, likampata ubavuni. Akalia na kukimbia, na papo hapo kundi la kanga likaruka kutoka mahali pale pale alipokuwa ameelekeza pua yake.

Nilichokifanya sikukifahamu mpaka nilipofika Kidato cha Pili, mwalimu wetu wa Baiolojia alipotueleza habari za urithi wa tabia. Alitutajia mbwa wa Ulaya waitwao pointa na seta. Mnyama awindaye husita kidogo kabla ya kurukia; watu wakachagua mbwa wanaosita zaidi, wakawazalisha kizazi baada ya kizazi, hata wakapata mbwa anayenusa ndege majanini akasimama kama nguzo, akimwonyesha bwana wake kwa pua. Hafukuzi wala habweki. Hungoja mtu afike. Basi Watasema alikuwa na chembe ya tabia hiyo, bila kufundishwa na mtu, nami nikamlipa jiwe. Tangu siku ile hakusimama tena mbele yangu.

Huko ng'ambo mbwa wa namna hii wamewekewa mitihani. Mashindano ya kwanza yalifanyika Southill, Bedfordshire, Uingereza, tarehe 18 Aprili 1865. Marekani ikafuata mwaka 1874, mjini Memphis. Siku hizi ziko njia mbili, na mwanafunzi hataona taabu kuzitofautisha. Njia moja ni kama Mtihani wa Kidato cha Nne: kila mbwa hupimwa kwa kipimo kilichowekwa, na wote wakikifikia, wote wamefaulu. Nyingine ni kama mbio za UMISSETA: mbwa huachiwa wawili wawili, na lazima apatikane wa kwanza na wa pili. Kwa anayeanza, watu wenye ujuzi husifu ile njia ya mtihani, nami nawaunga mkono, kwa kuwa mashindano huwafanya watu kutazama kikombe badala ya kumtazama mbwa. Katika daraja la kwanza la mtihani wa Marekani waamuzi hutoa alama mpaka 10 katika mambo manne: jinsi mbwa anavyowinda, anavyowapata ndege, anavyosimama na kuelekeza, na anavyofundishika. Asipopata angalau 5 katika kila jambo, na wastani wa 7, ameshindwa. Na katika daraja hilo ndege hauawi. Mtu humwinua ndege majanini, risasi tupu hulia hewani, ndege akaenda zake.

Mtaniuliza, haya yanatuhusu nini sisi wa Lusewa, iliyokuwa zamani Songea na leo ni wilaya ya Namtumbo? Pointa hatuna. Ni kweli. Lakini katika yale mambo manne, la kufundishika halidai ukoo, na hilo ndilo lililotushinda.

Mbwa wetu hawafundishwi. Hupigwa wakikosea, hupigwa wakipatia, na mara nyingi hupigwa wakija walipoitwa, kwa kuwa walichelewa. Anayetaka kuanza kazi hii na aanze na mtoto wa mbwa aliyetoka kuachishwa ziwa. Amfundishe maneno mawili tu, «njoo» na «simama». Akija, apewe kipande cha ugali, hata kama alikuwa amekwenda kuiba. Akiwa mkubwa kidogo, afungwe kamba ndefu ya mita kumi hivi ili asimamishwe polepole bila kukimbizwa. Mlio wa bunduki asianze nao. Kwanza apigiwe makofi kwa mbali wakati wa kula, kisha sufuria, na sauti iongezwe siku kwa siku. Kazi ifanyike alfajiri, kwa sababu mbwa hatoki jasho kama sisi na jua humwua upesi. Tena atembezwe akielekea upepo unakotoka, maana harufu huletwa na upepo. Ukimpeleka na upepo mgongoni atawakanyaga kanga kabla hajawanusa, kisha utamlaumu yeye.

Wasiosadiki kwamba mnyama hufundishwa bila fimbo, na waende Morogoro. Huko shirika la APOPO, pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya akipatia husikia mlio mdogo, akapewa chakula. Akikosea hapati kitu, basi. Panya mmoja wa Morogoro, aitwaye Magawa, alifanya kazi Kambodia akapata vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu nchini Uingereza. Na jirani zetu wa ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, ambao walisaidiwa na panya hao, walitangazwa mwaka 2015 kuwa wamemaliza kuondoa mabomu yaliyojulikana. Ikiwa panya aweza, je, Watasema?

Hapa sina budi kusema habari ya sheria, wasije wazazi wakadhani nawachochea watoto kwenda porini. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa mbwa bila kibali cha maandishi. Wilaya yetu imo katika njia ya wanyama baina ya Selous na Niassa, na si ajabu tukitazamwa kwa jicho kali. Kwa hiyo mtihani ninaoutaka usiwe na mnyama wa pori hata mmoja. Tutie kuku au njiwa wa kufugwa katika tenga lililofungwa vema, tulifiche majanini kando ya shamba la shule, na mbwa aletwe na kamba yake. Alama zitolewe kwa kunusa, kusimama, na kuja akiitwa. Hilo la kuja akiitwa mimi ningelipa alama nyingi kuliko yote, na sababu yangu ni hii.

Siku moja ilitangazwa kwamba mbwa waletwe uwanjani wachanjwe kichaa cha mbwa. Dada yangu na mimi tulikwenda kumtafuta Watasema. Tulimwona, tukamwita. Alipoona mkono umeinuliwa akakimbilia porini, na tukazunguka mpaka jua likawa kichwani. Wale wawili wengine nao hawakushikika. Waliochanjwa kutoka mtaani kwetu walikuwa wachache, wengi wao watoto wa mbwa, kwa sababu hao wabebeka. Mwaka uliofuata Watasema alitoka porini akitokwa na mate, anayumba, akamng'ata mtoto wa jirani mguuni. Nashukuru kwamba mama yake alikuwa amesikia la kufanya: alikiosha kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa robo saa, akamchukua hospitali bila kungoja. Sindano zilipatikana mbali na kwa gharama, na magunia ya mahindi yakauzwa. Mtoto yu hai, na yumo darasa la nne. Watasema aliuawa kwa marungu siku ile ile.

Siwezi kusema jiwe langu ndilo lililomfanya asishikike, maana alipigwa na wengi. Lakini mkono wangu ulikuwa mmoja wa mikono aliyoikimbia. Ugonjwa huo, dalili zikisha kuonekana, karibu hauna tiba. Kinga ni chanjo, na Shirika la Afya la Dunia linasema yapasa kuchanja mbwa 70 katika kila 100 ili kuukata. Tutawachanjaje 70 ikiwa hatuwezi kumshika hata mmoja?

Nasikia wengine wakisema kwamba nyumba nyingi za hapa ni za Kiislamu na mbwa ni najisi. Mimi si mwanachuoni, na mambo ya tohara na waulizwe masheikh. Najua tu kwamba Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inataja wanyama wa kuwindia waliofundishwa, na kwamba mbwa tayari wako mashambani mwetu wakilinda dhidi ya nyani na nguruwe. Sitaki waongezeke. Nataka hao walioko wafundishwe.

Basi naomba Mwalimu Mkuu aturuhusu kuanzisha chama kidogo, tukutane Jumamosi asubuhi. Kila mwanachama awe na mbwa mmoja wa nyumbani kwake, kwa ridhaa ya mzazi. Afisa mifugo aalikwe, na mtihani wetu wa kwanza ufanywe karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ili mbwa wakiwa wamekwisha kukusanyika wachanjwe pale pale. Mbwa asiyeshikika asipewe alama. Gharama ni kamba, tenga na ugali. Waamuzi wawe walimu wawili na mzee mmoja mwenye kujua uwindaji wa zamani. Bunduki haihitajiwi kabisa, ingawa najua wavulana watasikitika.

Mjomba wangu amepata mtoto mwingine wa mbwa, jike, rangi ya majivu, naye hajapewa jina. Juma lililopita nilifunga bawa la kuku kwenye uzi, nikaufunga uzi kwenye fimbo, nikalivuta bawa polepole mbele yake. Mara mbili alilirukia. Mara ya tatu alisimama, mguu juu. Nilihesabu kimoyomoyo mpaka nne, ndipo akaliruka. Mjomba alikuwa mlangoni akitazama, akaniuliza ile fimbo nimeishika ya nini.