Msiuze Kabati, Msicheke Kitabu

Kuna maneno mawili ambayo mimi, mwanafunzi wa Kiswahili hapa Kampala, nimechoka kuyasikia. La kwanza nalisikia chuoni: kwamba riwaya za vijana kuhusu dunia iliyoharibika, zile za serikali katili na watoto wanaopigania uhai, ni vitabu vya kitoto visivyomfaa msomi wa fasihi. La pili nalisikia nyumbani: kwamba samani za mababu ni takataka, ziuzwe au zipasuliwe kuni, tununue makochi mapya. Mtu atauliza mambo haya yanahusianaje. Yanahusiana, kwa sababu anayecheka kitabu na anayeuza kabati wote wametazama rangi ya juu, wakasahau kuitazama mbao yenyewe.

Nianze na kitabu. Katika The Hunger Games ya Suzanne Collins, iliyotoka mwaka 2008, wilaya 12 za nchi ya Panem zinachimba, zinalima na kukata miti ili mji mkuu, Capitol, ustarehe. Kila mwaka kila wilaya hutoa mvulana na msichana wakauane mbele ya kamera. Wanaokidharau husema: mishale, damu na mapenzi, basi. Lakini ni nini kinachoitikisa dola ile? Ni vitu viwili vya zamani. Kimoja ni pini ya ndege anayoivaa Katniss. Katika kitabu cha pili tunaambiwa kuwa ilikuwa mali ya dada wa mama wa rafiki yake, msichana aliyefia katika michezo hiyohiyo miaka mingi nyuma. Kingine ni ishara ya vidole vitatu, ishara ya kale ambayo watu wa Wilaya ya 12 walikuwa wameiacha, ikionekana mara mojamoja msibani. Mwaka 2014, baada ya mapinduzi ya kijeshi nchini Thailand, waandamanaji waliinua vidole hivyo vitatu barabarani, na baadhi yao wakakamatwa. Wanajeshi hawakuiona kuwa ishara ya kitoto.

Chukueni pia The Giver ya Lois Lowry, ya mwaka 1993. Jonas, mvulana wa miaka 12, anaishi katika jamii isiyo na vita, njaa wala rangi. Kumbukumbu zote za zamani amebebeshwa mzee mmoja tu. Kwao Jonas samani ni zilezile za kila nyumba: kitanda cha kulalia, meza ya kulia, imara na zisizo na neno. Anapoingia chumbani kwa mzee anakuta meza yenye miguu iliyopinda, imechongwa nakshi ndogo chini, na kuta zimejaa vitabu. Mwandishi ameviweka vitabu na samani zenye nakshi chumba kimoja, pamoja na kumbukumbu. Hilo si jambo la kitoto.

Walimu wetu, kwa heshima, hutufundisha Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ambamo babu aliyekufa anamrudia mjukuu wake, mkubwa serikalini. Hatuambiwi kuwa ni hadithi ya mizimu ya kutishia watoto. Tunaambiwa tuulize babu karudi kudai nini. Basi swali hilo tuziulize na riwaya za vijana. Kama shida ni kwamba zimetoka Marekani, hiyo ni sababu ya sisi kuandika zetu kwa Kiswahili, si sababu ya kubeza zilizopo.

Sasa nyumbani. Kila mmoja wetu amewahi kueleza kwenye mtihani maana ya methali "Usiache mbachao kwa msala upitao". Tunapata alama zetu, tunarudi nyumbani, mbacha unauzwa na sisi tumenyamaza. Kwetu Buganda msimu wa kwanjula ndio msimu wa hatari. Wageni wa bwana harusi wanakuja, na familia inaona haya kuwakalisha kwenye viti vya babu. Mwaka huu ni zamu ya dada yangu. Wajomba wameshapatana na mnunuzi: kabati moja na viti sita vya mvule vitoke, makochi yaingie.

Wanasema ni vibovu. Si kweli. Kilichochakaa ni vanishi. Moyo wa mvule haupendwi na mchwa, na ni mbao tupu toka juu hadi ndani, kwa hiyo unaweza kuupiga msasa leo na wajukuu wakaupiga tena. Kabati jipya la bei nafuu mara nyingi ni unga wa mbao ulioshikwa kwa gundi, ukavikwa karatasi yenye picha ya mbao. Likinywa maji linavimba, na ukilipiga msasa unaifuta picha. Kazi yenyewe haihitaji uchawi. Sugua mahali pasipoonekana kwa kitambaa chenye spiriti. Vanishi ya shelaki italainika na kunata. Kwandua, kisha msasa namba 80, 120, halafu 240, ukifuata nyuzi za mbao. Ziba pua, kwani vumbi la mvule huwasha. Paka vanishi nyembamba, subiri ikauke, rudia.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, nalo ni la nyanya. Viti vile vilikaliwa na wanaume. Yeye na binti zake waliketi mkekani. Kwa nini basi tuvitunze? Jamii ya Jonas ilijibu swali kama hilo kwa kutupa yote: ilipoondoa maumivu iliondoa na rangi. Sitaki jibu hilo. Sitaki pia jibu la wanaosema mila isiguswe. Kukarabati ni njia ya tatu: unakwangua kilichooza, unabakiza mbao, na unaamua upya nani atakalia. Viti vikiuzwa, swali la nyanya litaondoka navyo kwenye lori, bila kujibiwa.

Kwa hiyo nasema nanyi wenzangu mnaoinua vidole vitatu kwenye picha za simu zenu. Mmesoma kurasa mia kadhaa kuhusu watu waliosahaulishwa vyao. Nendeni Ndeeba mkanunue msasa, kisha rudini nyumbani mkabishane na wajomba kabla lori halijafika. Nanyi walimu, mpeni kijana mmoja nafasi ya kuandika tasnifu juu ya riwaya hizi. Kwetu mnunuzi anakuja Jumamosi. Nimeshamwomba nyanya akae kwenye kiti kimojawapo siku hiyo, na amekubali.