Bi Harusi, Usilipe Kushikwa Kiuno

Leo nina neno na maharusi watarajiwa, na mama zao pia wasikilize maana ndio wanaotoa hela.

Kuna mtindo umeingia wa bi harusi na bwana harusi kufungua ukumbi kwa dansi waliyoiona kwenye simu, na siku hizi wanayoitaka ni tango. Si tango la kachumbari jamani, ni tango ya dansi, ile ya mwanamke kurudi kinyumenyume na mwanaume kumfuata kifua kwa kifua. Mimi niko Tunduma, mpakani na Zambia, nashona nguo za harusi na za sitara. Maharusi wa Kiislamu hapa Songwe wananipitia kupimwa, kwa hiyo mambo haya yananifikia kabla hayajafika ukumbini. Binti anakuja na picha ya gauni, unamwuliza la shughuli gani, anakujibu, "Dada, mwalimu wa dansi kasema mpasuo ufike hapa." Hapo mkono uko kwenye paja.

Mwalimu huyo ni mwanaume. Mazoezi ni jioni, mara tatu kwa wiki, mwezi mzima kabla ya nikaha. Na kwa kuwa bwana harusi ni mzito wa miguu, mwalimu anamshika bi harusi yeye mwenyewe ili "amwonyeshe", mwenye mali amekaa kwenye kiti anatazama. Hela inatoka kwenye michango ya kamati.

Kama fundi, nianze na huo mpasuo. Si kweli kwamba tango inahitaji mpasuo. Inayohitaji ni nafasi ya mguu kwenda nyuma kwa hatua ndefu, na nafasi hiyo inapatikana kwa upana wa pindo. Kata sketi ya mwavuli, nusu duara, weka bitana inayoteleza, urefu uishie juu kidogo ya kifundo cha mguu, kwa sababu anayerudi nyuma hukanyaga pindo lake kwa kisigino. Mkia wa gauni sahau kabisa. Viatu viwe vya soli ya ngozi, raba inang'ang'ania sakafu. Ukivaa hivyo unacheza vizuri na paja linabaki lako.

Sasa huyo mwalimu. Sitasema tango ni ya Wazungu, wala sitasema bi harusi wa Kiislamu hachezi. Hizo ni hoja za mtu aliyechoka kufikiri. Ninachokataa ni lile neno wanaloambiwa mabinti, kwamba tango haijifunziki mpaka mwanaume akushike. Ni uongo, na historia ya dansi yenyewe inaukanusha.

Tango ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 katika miji miwili ya bandari huko Amerika ya Kusini, Buenos Aires ya Ajentina na Montevideo ya Uruguay. Ilitoka kwenye mitaa ya maskini, mahali walipochanganyika wenyeji, wahamiaji kutoka Italia na Hispania, na watu weusi ambao wazee wao walipelekwa kule utumwani kutoka Afrika. Ngoma ya hao weusi, kandombe, imo ndani ya tango mpaka leo. Wahamiaji wengi walikuwa wanaume, wanawake walikuwa wachache, na kijana asiyejua kucheza hakuwa na wa kumvumilia. Kwa hiyo wanaume walifundishana wao kwa wao. Mwanafunzi alianza kwa kufuata, yaani upande wa mwanamke, akizoea anahamia upande wa kuongoza, ndipo anakwenda kucheza na wanawake. Hiyo ndiyo dansi ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2009 kuwa urithi wa Ajentina na Uruguay. Haya, kama wenye dansi yao walijifunza wanaume kwa wanaume, nani kasema binti wa Unguja au wa Vwawa hawezi kujifunza kwa mwanamke mwenzake?

Na sisi ndio wa kuambiwa hivyo! Bi Kidude, Mungu amrehemu, alifariki Aprili 2013. Dunia ilimjua kwa taarab, lakini wari wa Unguja walimjua kwa unyago, mlango umefungwa, wanawake watupu, kiuno na hatua na adabu zinafundishwa na mkubwa kwenda kwa mdogo. Lelemama ilikuwa na vyama vyake vya wanawake, Mombasa na Unguja, wakishindana kwa mavazi na miondoko. Hata huku kwangu, ukivuka Nakonde ukaenda mpaka kwa Wabemba, wapo banachimbusa, kina mama wanaomfunda mwari katika chisungu. Mwingereza mmoja, Audrey Richards, aliishuhudia mwaka 1931 akaiandikia kitabu. Sisemi kila kinachofundishwa kule kinatufaa Waislamu. Nasema kwamba kote huku mwanamke anafundishwa kucheza na mwanamke, tangu bibi zetu, halafu leo tunamlipa kijana wa watu kwa kazi ya somo.

"Lakini somo wangu hajui tango." Hajui, na hatua za mwanzo hazimshindi. Tango ya anayeanza ni kutembea, na hata mabingwa hurudia kutembea kila siku. Tafuta chumba chenye sakafu laini, vaa soksi, shikana mikono na dada yako, viwiko vimekunjwa. Uzito wote uweke mguu mmoja, mwingine uwe mwepesi kabisa. Wanaoanza wengi wanasimamia miguu yote miwili nusu kwa nusu, hapo anayeongoza hajui mguu upi uko huru, mnagongana magoti. Yeye akisogeza kifua mbele, wewe mguu mwepesi unaupeleka nyuma kuanzia nyongani, vidole vinagusa sakafu kwanza, kisigino kinafuata, magoti yanapitana karibu. Usitazame chini. Usimtangulie, subiri kifua chake kikuambie. Hatua moja kwa pigo moja, halafu mnasimama, halafu tena. Kesho mnabadilishana, wewe unaongoza. Kama nyumbani kwenu hampigi muziki, makofi yanatosha. Bwana harusi naye akajifunze kwa kaka yake hivyo hivyo, na kama anaona haya kushikana na kaka yake, ajiulize kwa nini hakuona haya wewe uliposhikwa.

Wapo watakaosema, "Basi mazoezi nifanye na mchumba mwenyewe." Mwenzangu, nikaha haijafungwa. Kabla ya hapo hata yeye si maharimu wako. Pete ya uchumba haijahalalisha kitu. Na baada ya nikaha, kwa nini ukumbini? Nimeona video ya bi harusi mmoja ikizunguka kwenye makundi ya simu miezi mingi baada ya shughuli, na maneno yanayoandikwa chini yake siwezi kuyarudia hapa. Wageni mia tatu wana simu mia tatu, huwezi kuzunguka meza kwa meza kuomba wafute.

Juu ya muziki na kucheza, masheikh wana maelezo yao, mimi ni fundi cherehani, muulize sheikh unayemwamini. Ila nilifundishwa madrasa kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.), mara ya kwanza Bi Aisha akamshinda, na baadaye Mtume akamshinda. Walishindana wawili, baada ya watu kutangulia mbele. Mke na mume kucheza pamoja kwetu si jambo geni, na halihitaji tiketi wala mpiga picha.

Hela ya mwalimu mpe somo wako, au nunua kitanda kizuri. Huko kwenu fungate ni siku saba, chakula kinaletwa mlangoni, hamna pa kwenda. Chumba cha futi 12 kwa 12, ukisogeza meza ya kioo kando, kinatosha hatua nne kwenda na nne kurudi.