Nusu Yako, Nusu Yangu

Mwezi huu naanza na ugomvi wa kwenye gari.

Mume wangu alisoma digrii ya pili Bergen, kule Norwei. Akarudi na vitu viwili: jaketi zito ambalo hajalivaa Dar hata siku moja, na mapenzi ya muziki unaoitwa blaki metali. Kama hujawahi kuusikia, chukua ngoma zinazokimbia kama mvua kubwa juu ya bati, weka magitaa yanayovuma kama nyuki, kisha mwongeze mtu anayelia kama aliyebanwa kidole na mlango. Basi hiyo ndiyo starehe yake. Mimi nataka taarab, yeye anataka nyuki.

Jumamosi moja tumekwama foleni ya Mwenge, nikamwambia zima. Akasema, "Mama, nitazima. Lakini kwanza nikusimulie hii CD ilivyotoka." Nikamsikiliza kwa shingo upande. Tulipofika nyumbani gari likazimwa, mimi sikushuka mpaka amalize. Leo nakusimulia na wewe, maana kuna shoga yangu ambaye kisa hiki kimemgusa kuliko alivyotegemea.

Unakumbuka kaseti? Upande A, upande B. Sasa kwenye muziki ule kuna kawaida ya bendi mbili kutoa albamu moja, nusu kwa nusu. Kila moja inaleta nyimbo zake, jina lake linaandikwa juu, gharama na mashabiki mnagawana. Tatizo unaliona mapema: upande mmoja ukiwa tayari na mwingine bado, hakuna kinachotoka. Kama ndoa, au kama kiwanja cha ubia pale mwenzio anaposema, "Nitachangia mwezi ujao."

Na wale jamaa ni andagraundi kweli kweli. Hapa kwetu msanii andagraundi ni yule ambaye bado hajatoka, anasubiri redio zimpige. Wao walikaa huko chini kwa kupenda. Walirekodi demo, wakadurufu kaseti na kutumiana kwa posta, nchi hadi nchi.

Mmoja wao ni Snorre Ruch wa Trondheim. Bendi yake iliitwa Thorns. Mwaka 1991 na 1992 walitengeneza demo zilizozunguka mkono kwa mkono, na namna yake ya kupiga gitaa ikaigwa na wengi waliokuja kuwa majina makubwa Norwei. Mwaka 1993 akaingia Mayhem, bendi ya Øystein Aarseth, kijana aliyekuwa na duka la muziki Oslo na ambaye wengi walimwona kama kiongozi wao.

Halafu likaja balaa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 1993, Ruch na mwanamuziki mwenzake, Varg Vikernes, walitoka Bergen kwa gari hadi Oslo. Vikernes akamuua Aarseth kwa kisu nyumbani kwake. Aarseth alikuwa na miaka 25. Ruch hakushika kisu, lakini alikuwepo. Mwaka 1994 mahakama ikampa Vikernes miaka 21, adhabu ya juu kabisa nchini mwao wakati huo. Ruch akapewa miaka 8 kwa kushiriki.

Basi wenzake wakatoka, yeye yuko ndani. Emperor wakatoa albamu ya kwanza iliyowapa sifa. Mayhem nao wakatoa ile waliyoirekodi kabla ya msiba, ikiwa na gitaa la marehemu na besi ya aliyemuua, humo humo. Nilipoambiwa wazazi wa Aarseth waliomba ile besi iondolewe na haikuondolewa, nilinyamaza muda mrefu. Na mtu ambaye wenzake walijifunza kwake, Thorns yake haikuwa na rekodi rasmi hata moja. Demo tu.

Ilikuja kutoka mwaka 1999, chini ya lebo ya Moonfog, na haikuwa ya peke yake. Ilikuwa nusu kwa nusu: *Thorns vs. Emperor*. Emperor, waliokuwa wakubwa tayari, waligawana albamu moja na mtu aliyepitwa na miaka yote ile. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba humo ndani kila upande umechukua nyimbo za mwenzake na kuzipiga upya kwa namna yake. Mwaka 2001 ndipo Thorns wakatoa albamu yao nzima. Tangu demo ya kwanza ilikuwa miaka 10.

Usidhani Emperor walikuwa malaika. Mpiga ngoma wao wa zamani, Bård Eithun, aliyewahi kupigia Thorns pia, alifungwa kwa kumuua mtu Lillehammer mwaka 1992. Sikusimulii habari za watakatifu.

Sasa nije kwa shoga yangu.

Mchumba wake alifungwa miaka mitatu kwa kula fedha za ofisi. Alikamatwa mahari ikiwa imelipwa nusu na vikao vya harusi vimeshaanza. Shoga akabaki na aibu ya kurudisha michango ya watu, na kiwanja walichokuwa wanalipia wawili akakimalizia peke yake, huku hati ina majina yote mawili. Kwao wakamwambia aolewe na mwingine. Hakuolewa.

Jamaa katoka. Wiki ya pili tu anasema, "Tuendelee tulipoishia. Tarehe ya harusi iwe Desemba." Shoga kaja kwangu saa mbili usiku, hata viatu hajavua, ananiuliza, "Nimesubiri miaka mitatu, sasa kinachonitia woga ni nini?"

Ningekuwa na akili zangu za zamani ningemjibu moja ya majibu mawili tunayoyajua wote. La kwanza, "Mwache, mwizi ni mwizi." La pili, "Subira huvuta heri, funga ndoa." Lakini nilikuwa bado na ile CD kichwani, nikamwambia: mpe upande wake, usimpe kaseti nzima.

Maana yangu ni hii. Mtu aliyetoka kwenye kosa anahitaji mahali pa kuanzia, na ni ukatili kumnyima kabisa. Lakini kusubiriwa hakumlipii deni. Aanze na nusu iliyo yake: atafute kazi, hata iwe ndogo, arudishe sehemu yake ya kiwanja kidogo kidogo, akakae mbele ya wazazi wa binti aseme mwenyewe kilichotokea, asiwatumie washenga. Na "tulipoishia" hapapo tena. Shoga naye amebadilika. Miaka mitatu alikuwa anafanya maamuzi peke yake, naye jamaa inabidi ajifunze wimbo huo upya.

Kisha nikamuuliza swali lililomkalisha: "Nani mwingine aliumia?" Maana kwenye CD ya mume wangu kuna upande wa Thorns na upande wa Emperor. Aarseth hakupata upande. Tukisherehekea mtu kurudi, mara nyingi tunamsahau aliyeumizwa, kwa sababu hayupo ukumbini.

Shoga alikaa kimya, halafu akasema, "Mlinzi." Kumbe fedha zilipoanza kupotea, kabla jamaa hajakamatwa, ofisi ilimfukuza mlinzi wa usiku kwa kumshuku. Mtu mzima, ana watoto wanne. Jamaa alikuwa anajua, akanyamaza, akaendelea kuja kazini na tai shingoni. Shoga aliijua habari hiyo tangu siku za kesi. Hawakuwahi kuizungumza.

Nikamwambia, kabla ya kuuliza Desemba, muulize hilo.

Alimuuliza. Jamaa akakasirika, akaondoka, siku tano simu haipokelewi. Shoga akanilaumu kwamba nimemvunjia uchumba kwa hadithi za Wazungu wenye nywele ndefu. Nikalala vibaya, sikufichi. Siku ya sita jamaa akampigia na kumwambia, "Nimepata anakoishi. Ni Mbagala. Twende wote, peke yangu siwezi."

Walikwenda Jumapili. Mzee aliwafungulia, akawapa viti, akasikiliza mpaka mwisho. Hakusema amesamehe. Alisema tu, "Mke wangu alikuwa na haki ya kulisikia hili," akamwita mkewe kutoka jikoni, na jamaa ikabidi aanze kueleza upya tangu mwanzo.

Harusi haina tarehe. Lakini shoga ananiambia woga umepungua, na mwezi uliopita jamaa kalipa elfu hamsini za kwanza za kiwanja.

Na wewe msomaji, kama kuna jambo lenu limekwama miaka, kabla ya kumhesabia mwenzio siku alizochelewa, kaeni jioni moja muulizane: upande wangu uko tayari? Na kuna nani tuliyemwacha nje?

Mimi nimekubali CD ichezwe foleni ya Mwenge. Nusu ya njia tu. Nusu nyingine ni taarab yangu.

Tukutane mwezi ujao.