Zawadi za promosheni: Kizibo kisimle mtaji muuza duka wa Kasulu na Kibondo

Wakulima wa Kasulu na Kibondo wakishauza maharage na mahindi, fedha huanza kuzunguka madukani. Ndio wakati mzuri wa promosheni: fungua kizibo ujishindie soda, tuma namba ya pakiti ujishindie pikipiki. Mauzo hupanda, na hilo si baya. Swali ni nani anayebeba hasara promosheni inapokwisha.

Sheria ipo. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na promosheni ambayo mshindi wake hupatikana kwa bahati iko chini ya usimamizi wa Bodi hiyo. Ndiyo maana katika droo kubwa huonekana mkaguzi wake. Sheria ya Ushindani, nayo ya mwaka 2003, inakataza kumpotosha mlaji. Mwenye duka naye asidhani hayamhusu. Kumpa kilo ya sukari kila anayenunua mifuko mitano ya saruji ni punguzo la bei tu. Kuwachezesha wateja kura ya baiskeli ni kubahatisha, na kunahitaji kibali.

Tatizo ni kwamba usimamizi huu humlinda mteja zaidi siku ya droo kuliko siku ya kudai zawadi. Bidhaa hutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, zikapita kwa wakala na duka la jumla kabla ya kufika kijijini. Zinaweza kufika promosheni ikiwa imefungwa. Mteja ameshika kizibo chake, na muuza duka, ambaye ni jirani yake, anaona haya kumkatalia. Akitoa soda, kisha wakala akavikataa vizibo, hasara ni yake. Na mshindi wa Kibondo akiambiwa afuate fulana Kigoma Mjini, safari ya zaidi ya kilomita 200, nauli itaizidi zawadi.

Makampuni yatasema kufikisha zawadi vijijini ni gharama. Ni kweli, lakini mnunuzi wa Kasulu hulipa bei ile ile ya promosheni, pengine na nauli ya mzigo juu yake. Anastahili nafasi ile ile. Kibali kingefaa kuambatana na masharti matatu: tarehe ya mwisho ya kudai ichapishwe kwenye bidhaa, mikoa ya mbali iongezewe muda, na zawadi ndogo zilipwe kwa wakala wa wilaya.

Wakati hayo yakisubiriwa, muuza duka asipokee mzigo wa promosheni kabla wakala hajamwandikia tarehe ya mwisho na nani atakayerudisha thamani ya vizibo. Mali bila daftari hupotea bila habari.