Uvira: upepo wa kiangazi na waogaji wa ziwani

Kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini husukuma mawimbi kwenye Ziwa Tanganyika lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600, na Uvira iko kwenye ncha ya kaskazini. Maji hubaki na uvuguvugu hata Julai, ndiyo maana watoto hawaogopi. Chini yake kuna kuta na mabati ya nyumba zilizozama mwaka 2024. Ni rahisi kuwalaumu wazazi, lakini wengi huoga ziwani kwa sababu bomba ni kavu. Wakuu wa mji waweke alama sehemu salama, mbali na mamba na viboko wa mlango wa Ruzizi. Na mtu akizidiwa, atupiwe bidoni tupu lenye kifuniko na kamba. Anayejirusha mikono mitupu huweza kuzama naye.