Shaba ya Kolwezi isitoke ikiwa bamba tu

Kila siku malori yanatoka Kolwezi yakiwa yamebeba bamba za shaba. Yanapita Likasi na Lubumbashi, yanapanga foleni Kasumbalesa, kisha yanashuka hadi Dar es Salaam au Durban. Mzigo mwingine unapanda treni kuelekea Lobito, Angola. Bamba hizo, ambazo viwandani huitwa katodi, ni shaba safi kwa asilimia 99.99. Mwaka 2024 Kongo iliuza nje takriban tani milioni 3 za shaba na sasa ni ya pili duniani nyuma ya Chile. Kuigeuza shaba hiyo kuwa waya ni kazi ya wengine.

Mjadala wa kuongeza thamani ya madini umekwama kwenye miradi mikubwa. Mwezi Aprili 2022 Kinshasa na Lusaka zilitia saini makubaliano ya kutengeneza betri za magari ya umeme. Kamoa-Kakula imejenga tanuru lenye uwezo wa tani 500,000 kwa mwaka. Hilo ni jambo la kusifu, lakini kinachotoka kwenye tanuru hilo ni shaba ambayo bado inahitaji kusafishwa. Kati ya tanuru na betri kuna mashine ya kawaida ambayo mawaziri hawaitaji kwenye hotuba, nayo ndiyo inayoifaa Lualaba leo: mashine ya kusukuma shaba mfululizo.

Ilibuniwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika maabara ya mamlaka ya nishati ya atomiki, na Derek Green. Kwanza katodi inayeyushwa na kuvutwa juu ikiwa ufito mrefu, mnene kama kidole. Ufito huo unaingizwa kwenye mfereji uliochongwa kuzunguka ukingo wa gurudumu la chuma. Gurudumu likizunguka, linaukamata ufito na kuuburuta hadi unapogonga kizuizi. Hauwezi kurudi nyuma, hauwezi kwenda mbele. Msuguano na mgandamizo vinaupasha moto bila tanuru lolote, shaba inalegea, na njia pekee ya kutoka ni tundu lililochongwa kwa umbo linalotakiwa. Inatoka ikiwa waya, utepe wa transfoma au baa bapa ya umeme, mita baada ya mita, muda wote ufito unapoendelea kuingia.

Faida si umbo tu. Shaba iliyotoka kwenye kalibu ina chembe kubwa zisizolingana, na hapo ndipo ufa huanzia. Ikipita kwenye gurudumu, chembe hizo zinavunjwa na kuwa ndogo zinazofanana. Baadaye waya unavutwa ukiwa baridi, unakuwa mgumu na unastahimili mvuto mkali. Wachina hutumia njia hii, wakichanganya shaba na magnesi kidogo, kutengeneza waya unaoning'inia juu ya reli za treni zao za kasi.

Hapo mtu wa Kolwezi ana haki ya kuuliza swali. Reli ya Katanga ilianza kuwekewa umeme wa volti 25,000 katika miaka ya 1950, na njia ya Lubumbashi, Tenke hadi Kolwezi ni sehemu ya mtandao huo. Waya unaohitajika pale ni wa aina hiyo hiyo. Treni za SNCC zinapita kando ya milima ya shaba, chini ya nguzo ambazo wezi wamezinyang'anya nyaya, na hakuna fundi wa jimbo anayeweza kutengeneza mita moja ya kuziba pengo.

Haikuwa hivi siku zote. Bunkeya, ambayo leo iko ndani ya Lualaba, mafundi wa Bayeke wa zama za Msiri walikuwa wakivuta waya wa shaba kwa mikono na kuufanya bangili. Baadaye Lubumbashi ilikuwa na Latreca, kiwanda cha nyaya na kebo. Ng'ambo ya mpaka, Zambia imekuwa na Zamefa kule Luanshya tangu 1968, ikitengeneza kebo kwa shaba ya Copperbelt. Zambia haina ujuzi ambao Wakongo hawawezi kujifunza.

Wapinzani watasema bei ya ufito inaizidi bei ya katodi kwa kiasi kidogo tu. Ni kweli, na ndiyo sababu ni makosa kuota kuuzia ufito Ulaya au China. Soko liko karibu zaidi. Viwanda vya KCC, TFM na Mutanda vinapitisha umeme mkubwa kwenye mabeseni yao kupitia baa za shaba. Migodi inachoma mota na transfoma, ambazo zinahitaji kufungwa upya kwa waya mpya. Mashine moja ya ukubwa wa kati ikitoa tani 1 kwa saa, kwa saa 5,000 kwa mwaka, itakula tani 5,000, yaani sehemu moja kati ya 600 za shaba inayouzwa nje. Gécamines ina asilimia 20 ya TFM. Tani hizo haziwezi kuishinda.

Tena sheria ya Februari 2017 inaweka kazi za chini ya mkataba mikononi mwa kampuni za Wakongo. Mpaka sasa kampuni nyingi zinaielewa kama chakula cha wafanyakazi, usafi na malori. ARSP, inayosimamia sheria hiyo, ingeweza kuiuliza kila migodi inanunua wapi baa zake za shaba.

Umeme ndicho kikwazo cha kweli. Laini ya Inga imefika Kolwezi tangu 1982, ikipita kilomita 1,700 hivi, na bado migodi inaagiza umeme nje. Hata hivyo, kutoa tani moja ya katodi kwenye mabeseni hula takriban kilowati-saa 2,000, na kuigeuza kuwa waya hula sehemu ndogo tu ya hizo. Anayepata umeme wa kazi ya kwanza hawezi kudai amekosa wa ya pili.

Linalobaki ni wizi. Kiwanda cha nyaya kikifunguliwa bila ulinzi, waliokata kebo za SNEL usiku watakuwa wa kwanza kubisha mlangoni asubuhi. Kwa hiyo kipokee katodi zenye karatasi za CEEC peke yake, na chuma chakavu kikatazwe kuvuka geti tangu siku ya kwanza.