Vinywaji vya Sikukuu Majumbani Mwetu



Kila sikukuu ikikaribia twapokea barua za wazee na vijana zenye kuuliza jambo moja kwa njia mbalimbali, nalo ni jambo la kinywaji. Katika chakula hapana atuulizaye neno. Kila mtu aliyekulia Unguja ajua kwamba asubuhi ya Idi, watu wakisharudi kuswali, huandaliwa boko boko la ngano na nyama lililopondwa hata likawa laini, likamiminiwa samli. Kisha hufuata tambi, kaimati, mkate wa kumimina, na halwa kwa kahawa chungu. Mchana ni pilau au biriani, na huko Nungwi na Makunduchi pweza wa nazi hakosi. Jamaa wa mjini huenda shamba, wa shamba huja Mji Mkongwe, na wale waliohamia Maskati au London, Mwenyezi Mungu akiwajaalia nauli, huteremka na masanduku yao. Watoto hupewa mkono wa Idi. Watu ambao mwaka mzima hawakuonana hukaa mkeka mmoja.

Sasa basi, katika miaka hii huja kijana afanyaye kazi hotelini Kendwa au Paje, au binti aliyetoka Ulaya kwa likizo, na katoni ya chupa zenye shingo ndefu na picha ya masuke ya shayiri, akazipanga mezani ubavuni mwa jagi la ukwaju. Babu huziona. Kijana husema, "Babu, hizi hazina kileo, tazama, imeandikwa sifuri." Babu hatazami. Huinuka akatoka barazani, na pilau lapoa. Tumeandikiwa habari za namna hii zaidi ya mara moja, na katika nyumba moja, tumeambiwa, mjomba na mpwa wake hawakusemezana tangu Idi ndogo hata Idi kubwa. Kwa hiyo jambo hili si dogo, kwani kuunga udugu ni faradhi na kuukata ni dhambi, na chupa moja imetosha kuukata.

Tuanze kwa lile lisilo na mjadala. Kuharimishwa kwa ulevi kumo katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na ya 91, wala hapana Mwislamu mwenye kulitilia shaka. Lakini ingefaa vijana wetu wakumbuke kwamba amri ile iliwakuta watu katika karamu ya nyumbani, na si kilabuni. Anas bin Malik (R.A.), naye angali kijana, alikuwa akiwamiminia wageni nyumbani kwa Abu Talha, na kinywaji chenyewe kilikuwa cha tende, si cha zabibu. Mpiga mbiu akapita akitangaza. Abu Talha akamwambia Anas atoke akakimwage, naye akakimwaga, na njia za Madina zikatiririka vinywaji siku ile. Wakubwa wale hawakumwambia kijana wao, "Ngoja kwanza tumalize kilicho kikombeni." Nyumba ile ilikuwa na wageni wa heshima, na karamu haikuharibika.

Wako wasemao kwamba bia ya shayiri haikutajwa. Hawa wamekosa habari ya Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.), aliyetumwa Yemen na Mtume wetu (S.A.W.), akamwuliza juu ya vinywaji viwili vya watu wa huko: bit'i iliyotengenezwa kwa asali, na mizri iliyotengenezwa kwa shayiri. Jibu lilikuwa la kukata, kwamba kila chenye kulevya ni haramu. Mizri hiyo ndiyo bia kwa jina lake la kale. Siku hizi twasikia sifa za bia za viwanda vidogo, zipikwazo mapipa machache machache, zikatiwa embe, tangawizi au hata karafuu, na watalii huzisifu kuwa ni kazi ya ufundi wa mkono. Ufundi hatuukatai. Lakini na ile mizri ya Yemen ilikuwa kazi ya mkono, wala haikupata ruhusa kwa sababu hiyo. Na kwa madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoifuata wengi wetu visiwani humu, kile ambacho kingi chake hulevya, tone lake nalo ni haramu. Basi aletaye bia yenyewe katika mkusanyiko wa jamaa, hata akisema atakunywa peke yake upenuni, jibu lake ni fupi: asiilete, na ikiletwa isikae mezani, na mwenye nyumba ana haki ya kumwambia hivyo kwa upole lakini waziwazi.

Tulikusudia kusema zaidi juu ya hizo zinazoitwa bia zisizo na kileo, kwani humo ndimo penye mkanganyo.

Vinywaji hivi hutengenezwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kupika bia kamili, ikachacha kama ilivyo ada, kisha kileo kikatolewa kwa moto wa kadiri au kwa vichujio vyembamba mno. Njia ya pili ni kuizuia isichache, au kuukatiza uchachu wake mapema, ikabaki maji ya kimea cha shayiri yenye utamu wake. Kwa hiyo chupa mbili zenye sura moja huenda zikawa na asili mbili. Tena maneno "haina kileo" hayana maana moja duniani. Ujerumani, mathalan, bia huweza kuitwa hivyo ilhali ina kileo hadi asilimia 0.5. Iliyoandikwa 0.0 ni kitu kingine, na msomaji asichanganye hizi mbili kwa sababu ya ukubwa wa herufi zilizo mbele ya chupa. Asome zile ndogo za nyuma.

Wanavyuoni wa zama zetu wamelitazama jambo hili na hawakukubaliana katika kila kipengele. Mwaka 2011 wanavyuoni wa Baraza la Fatwa la Malaysia walipambanua: kinywaji chepesi kisichotengenezwa kwa nia wala kwa njia ya ulevi, kileo chake kikiwa chini ya asilimia 1, chafaa, lakini kilichopikwa kwa njia ile ile ya kutengenezea pombe hakifai, kiwe na kingi au kichache. Baraza la Ulamaa la Indonesia, katika mwaka 2018, lilitazama kiasi: kinywaji kilichochacha chenye kileo chini ya asilimia 0.5, kisichodhuru mwili, lilikipitisha. Lakini Baraza hilo hilo, tangu mwaka 2003, lilikuwa limekataza vyakula na vinywaji vya halali kuitwa kwa majina au kupambwa kwa alama ziashiriazo nguruwe na ulevi. Tafakarini neno hili la pili. Hawakusema kwamba maji ya shayiri ni haramu. Walisema halali isivikwe nguo za haramu.

Hapa asitokee mtu kutuletea soda ya tangawizi, ambayo Waingereza huiita bia kwa lugha yao. Jina tupu haliharimishi, kama vile jina zuri halihalalishi, tumekwisha kuonywa na Mtume (S.A.W.) juu ya watu watakaokunywa ulevi wakiupa jina jingine. Soda ile haina sura ya bia wala mtu haiagizi kwa kujifananisha na wanywaji.

Rai yetu ni hii. Kijana mwenye chupa ya 0.0 ambayo haikuchachishwa hakufanya haramu, na babu akimwita mlevi amemdhulumu. Lakini kijana amekosa adabu kwa kuileta mbele ya wazee bila ya kuwauliza, katika siku ambayo nyumba ina watoto wa miaka sita na saba. Mtoto hasomi asilimia. Yeye huona umbo, povu, na namna kaka yake anavyoishika shingo ya chupa, na kesho akiiona nyingine iliyo kamili haitamtisha. Kwa sababu hiyo twaona chupa hizi zisiletwe kwenye mkeka wa Idi. Babu naye, badala ya kutoka barazani, ingempasa amwite kijana kando amweleze, kisha warudi wakala pamoja.

Jambo jingine latuhusu sisi wenyewe, wala si vijana, na huenda likawaudhi baadhi ya mama zetu. Zimo nyumba ambazo chupa ya 0.0 hufukuzwa mlangoni, na jikoni mna ndoo ya maganda ya nanasi na tangawizi iliyofunikwa siku nne ili "ipate ukali". Ukali huo ni nini kama si mwanzo wa kileo? Tunda lolote tamu likilowekwa katika joto letu huchacha lenyewe, bila ya kutiwa kitu. Wagema wetu wajua zaidi: tembo la mnazi likiteremshwa alfajiri ni tamu, jioni limekuwa kali, na likiachwa siku kadhaa huwa siki. Mti ni ule ule na maji ni yale yale, hukumu ikageuka mara mbili.

Mtume (S.A.W.) alikuwa akilowekewa tende au zabibu katika maji, naye akayanywa. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kwamba zilizolowekwa asubuhi zilinywewa usiku, na Ibn Abbas (R.A.) ameeleza kwamba hayakupita siku ya tatu, yakibaki hutolewa au humwagwa. Basi mipaka ilikuwako hata katika nyumba ile tukufu. Nasi tusihesabu siku tu, kwani joto la Unguja halingoji siku tatu. Tutazame dalili: mapovu yapandayo yenyewe, harufu yenye kuchoma pua, kifuniko chenye kuruka. Kikiwa na hayo, kimwagwe. Ama mkate wa kumimina usiwatie watu wasiwasi. Hamira huuumua, na kile kidogo kizalikacho hutoka motoni, wala haukupata kumlevya mtu. (Wapendao lugha watazame kwamba hamira, na khamri, na khimari ajifunikayo mwanamke, yote yatokana na shina moja la Kiarabu lenye maana ya kufunika.)

Imebaki barua iliyotuhuzunisha zaidi. Kijana mmoja aliye mtumishi wa hoteli ya pwani asema kwamba alinunua mbuzi kwa mshahara wake, akampeleka nyumbani kwa ajili ya sikukuu, na ami yake akakataa kumla kwa kuwa hoteli ile huuza ulevi. Kazi ya mkono wa kijana huyo ni kufua na kupiga pasi mashuka. Twasema: amjibu ami yake kwa heshima kwamba Imamu Nawawi, katika kitabu chake Al-Majmu, ameeleza kuwa kula kwa mtu ambaye mali yake imechanganyika halali na haramu ni karaha, si haramu, maadamu hujui kwamba kile ukilacho ndicho cha haramu hasa. Na huyu afuaye mashuka ana haki zaidi ya kusamehewa, kwa kuwa jasho lake si la ulevi. Amiminaye ulevi kwa mkono wake, au kuubeba, huyo amo katika wale waliolaaniwa katika hadithi ya Anas, naye yampasa atafute kazi nyingine kwa bidii. Lakini hata yeye kumfungia mlango siku ya Idi hakumsaidii kuacha. Wazee wenye uwezo wamtafutie kazi kwanza, ndipo wamlaumu.

Mwanzoni mwa mwaka 2024, jambo la leseni za waagizaji lilipofanya vileo viadimike visiwani, mahoteli yalipiga kelele na magazeti ya ng'ambo yakaandika. Wakati ule hatukusikia nyumba hata moja ya Kiislamu iliyoahirisha harusi yake kwa ajili hiyo.

Na kwa bibi aliyetuuliza awape nini wageni wake vijana waliochoka na soda: aloweke ukwaju usiku wa kuamkia Idi, aukamue na kuuchuja asubuhi, atie sukari, tangawizi mbichi iliyopondwa na chumvi kidogo, aweke barafu, au atengeneze maziwa ya iliki na zafarani, au amwite muuza miwa akamue mlangoni kwa ndimu. Kazi ya kukamua na kuchuja ampe yule yule kijana mwenye katoni, kwa kuwa wafanyao kazi hotelini ni mabingwa wa kupamba glasi. Utakaobaki jioni wapewe majirani. Usiwekwe hata Idi ya pili nje ya barafu.